Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya malikale: Sudi ilikuwa kituo cha jeshi la majini, na hakuna hata kibao

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya malikale, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi, na Mkurugenzi pamoja na madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Mtama.

Waheshimiwa,

Heshima zenu mbele, na shikamoo kwa wanaostahili shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Sudi, na kazi yangu ni kuongoza wageni katika mji wa Mikindani. Ninaomba jambo ambalo gharama yake ni ndogo: yaliyoipata ghuba ya Sudi mwaka 1916 yakusanywe, yaandikwe kwa Kiswahili, na yawekwe mahali ambapo mtoto wa Sudi anaweza kuyasoma. Nimeshaomba kwa mdomo. Nimeomba pia kwa maandishi katika ofisi ambayo sitaitaja. Nikaambiwa nilete andiko la mradi, nikalipeleka, nikaambiwa hakuna kasma. Ndiyo maana leo naomba hadharani.

Kwa asiyeijua habari yenyewe, ni hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, Waingereza waliifunga pwani ya koloni la Wajerumani kwa manowari, kuanzia Machi 1915. Manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, ikabanwa humo mpaka ikaishia Julai mwaka huo. Wajerumani waliopoa mizinga yake yote kumi wakaipeleka nchi kavu. Lakini makombora ya mizinga ile hayakutengenezwa huku, na risasi za bunduki nazo zilikuwa zinakwisha. Ndipo kule Ujerumani ikapakiwa meli ya mizigo iliyoitwa Marie. Ilijipenyeza katikati ya walinzi wa Kiingereza, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na katikati ya Machi 1916 ikaingia Sudi.

Kwa nini Sudi? Bandari kubwa zilikuwa zinachungwa. Anayeijua ghuba yetu hatashangaa walipoichagua: mlango wake ni mwembamba, mikoko imefunika kingo, na aliye nje baharini haoni kilichomo ndani. Wavuvi wetu wamekuwa wakikimbilia humo miaka yote kusi ikichachamaa.

Ndani ya Marie kulikuwa na mizinga minne ya sentimita 10.5, mingine miwili midogo ya kupigania milimani, bunduki za rashasha, mamilioni ya risasi, makombora ya ile mizinga ya Königsberg, dawa, nguo, vyakula, na hata nishani za kuwavika wanajeshi. Kwa zaidi ya wiki tano kijiji cha wavuvi kikawa kituo cha jeshi la majini la dola kubwa. Aprili, manowari za Kiingereza zikaigundua meli hiyo na kuimiminia makombora. Iliumia ila haikuzama. Mafundi wakaiziba, na usiku mmoja mwishoni mwa mwezi ikatoka kimyakimya, ikawapita walinzi, na mwezi Mei ikatia nanga Batavia, mji ambao leo ni Jakarta. Miezi michache baadaye, Septemba 1916, Waingereza nao wakaja kwa meli zao, wakateremsha wanajeshi Mikindani, Sudi na Lindi. Ndani ya mwaka mmoja tulipokea majeshi mawili ya majini, na hakuna lililotuomba ruhusa.

Waheshimiwa, haya yote yamo vitabuni kwa Kijerumani na Kiingereza. Jina la meli limo, la nahodha limo, na la manowari iliyoipiga limo. Wapenzi wa historia ya vita wa huko Ulaya wanaweza kukutajia idadi ya mizinga bila kuchungulia popote. Asiyetajwa ni mtu wa Sudi. Utasoma ukurasa baada ya ukurasa kuhusu ghuba, maji, meli na makombora, mpaka uanze kudhani ile pwani haikuwa na watu.

Na watu walikuwepo muda mrefu. Sudi haikuanza na Wajerumani. Habari za zamani za Sudi, pamoja na za Lindi, zilisimuliwa na wenyeji, na Mjerumani Carl Velten akazichapisha kwa Kiswahili huko Ujerumani mwaka 1907. Maana yake ni kwamba miaka tisa kabla ya Marie kuja, habari za mji huu zilikuwa tayari zimepigwa chapa kwa lugha yetu, nasi tuliobaki huku hatuna nakala. Misafara ya Wayao ilikuwa ikiteremka katika bandari hizi za kusini na pembe, sandarusi na mpira. Mei 1890, Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alipozitwaa kwa nguvu Kilwa, Lindi na Mikindani, alikuwa anawarudisha Wajerumani mahali walipofukuzwa na watu wa pwani miaka miwili kabla. Ghuba ya Sudi iko katikati ya Lindi na Mikindani. Haiwezekani mambo hayo yakaipita ikiwa imelala.

Nirudi kwenye mzigo, kwa sababu hapo ndipo penye habari.

Ule mzigo ulitokaje Sudi? Reli ya Kati ilikuwa mbali sana kaskazini, na kusini hakukuwa na reli ya maana. Magari hayakuwepo. Ng'ombe na punda walikuwa wakifa kwa mbung'o. Kilichobaki ni mtu. Mizinga ikafunguliwa vipande, makasha yakagawanywa, na kila kitu kikapanda juu ya kichwa au bega la binadamu, kikaondoka kwa miguu wakati wa masika, kwenye tope na mito iliyofurika, mamia ya kilomita. Mzigo wa mpagazi mmoja katika vita ile ulikuwa kama kilo 30, mbali na chakula chake na sufuria.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpeleka Sudi mgeni kutoka Ujerumani. Alikuja na nakala ya ramani ya ghuba, akataka nimwonyeshe Marie ilitia nanga wapi. Nikampeleka kwa mzee mmoja ambaye kwa heshima ya familia yake sitamtaja. Mzee hakuiangalia ramani. Aliokota majani makavu ya mgomba, akayasokota taratibu huku akizungumza nasi mambo ya mvua, akayazungusha yakawa kata, akaiweka juu ya kichwa cha mgeni. Kisha akamwita mjukuu wake alete kiroba cha unga cha kilo 25. Kikapandishwa. Juu yake wakaweka dumu la lita tano lenye maji. "Haya," mzee akamwambia, "nenda Morogoro."

Mgeni alicheka, nasi tukacheka. Akaenda mpaka mnazi wa pili. Akaomba ateremshiwe. Shingo ilikuwa imekuwa nyekundu na jasho linamtiririka, akakaa kwenye kigogo, na kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kuuliza habari za meli. Akauliza: "Walikuwa wangapi?"

Mzee akasema yeye hajui idadi. Anachojua ni aliyoyapokea kwa bibi yake: makombora yalipoanza kuanguka, wanawake na watoto walikimbilia mashambani, wakala ming'oko na mihogo mibichi, wanaume wenye nguvu walikuwa wameshahesabiwa na akida, na kaka wa babu yake aliondoka na mzigo akiwa na mke mwenye mimba, hakurudi, wala hakuna aliyeleta habari ya alikozikwa. Mtoto alizaliwa. Ukoo wa mtoto yule upo mpaka leo, na wanamtaja marehemu yule kwenye kila hitima.

Hiyo ndiyo historia ninayoizungumzia. Katika nyumba za Sudi, Mgao, Mnazi Mmoja na kwingineko ziko hadithi nyingine za namna hiyo, na wanaozijua wana miaka themanini na zaidi. Hawakuyaona, wamesimuliwa na walioyaona. Baada yao itakuwa "nilisikia kwamba kuna mtu alisikia".

Watu waliokufa kwa kubeba mizigo katika vita ile ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja katika Afrika Mashariki nzima, na waliokufa wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu ni mbaya zaidi kwa sababu wengi hawakuandikwa popote. Kisha Oktoba 1917 vita yenyewe ikarudi mkoani kwetu kwa nguvu zote, pale Mahiwa karibu na Nyangao: siku nne za mauaji, askari wa Nigeria na wa King's African Rifles, wote wa Waingereza, upande mmoja, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, upande wa pili, karibu wote Waafrika. Basi la Masasi linapita hapo kila siku. Abiria wananunua korosho dirishani na safari inaendelea.

Sasa niseme la moyoni kuhusu mjusi, na wenzangu wa Lindi wasinichukie. Kila tukizungumzia historia ya mkoa huu, tunamzungumzia mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyoko Berlin. Bungeni anatajwa, redioni anatajwa, kila mgombea ana ahadi kuhusu yule mjusi. Sikatai, ni mali yetu na ni fahari. Ila wale Wajerumani waliomchimba kati ya 1909 na 1913 hawakumfikisha bandarini Lindi kwa miujiza. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na watu kutoka Tendaguru mpaka pwani, mwendo wa siku kadhaa, safari maelfu. Watu wale wale, au ndugu zao, ndio waliokuja kubeba mizinga ya Marie miaka michache baadaye. Tumekuwa hodari wa kudai mifupa ya mnyama na wavivu wa kuulizia mifupa ya babu zetu.

Na shuleni? Mwulize kijana wa kidato cha nne wa Lindi Vita Kuu ya Kwanza ilianzaje. Atakujibu vizuri sana: Sarajevo, Juni 1914, Franz Ferdinand. Mwulize vita hiyo ilifika kilomita ngapi kutoka kwao. Atakuangalia. Simlaumu yeye wala mwalimu wake. Mwalimu anafundisha kilichomo. Lakini sasa tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, la lazima. Kama Sudi haitaingia hata kwenye somo hilo, hata kwa shule za mkoa huu peke yake, sijui itaingia wapi.

Najua sheria inasemaje, kwa hiyo nisijibiwe kwa sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vilivyojengwa au kutengenezwa kabla ya mwaka 1863. Tukio la 1916 haliingii humo. Lakini sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo au kitu kingine kuwa kumbukumbu inayolindwa hata kama ni cha baadaye. Mheshimiwa Waziri, huo uwezo unao mkononi. Ninaomba wataalamu wako waje Sudi waitazame pwani ya upakuaji na makaburi ya zamani, waseme kipi kinafaa kutangazwa. Wakisema hakuna, waandike hivyo na sababu zake, tutaelewa.

Kwa nini sasa? Kwa sababu pwani hii inajaa miradi. Bandari ya Kisiwa-Mgao kwa ajili ya makaa ya mawe na mizigo ya namna hiyo iko jirani yetu upande wa Mtwara. Likong'o kuna mpango wa gesi. Wenye hoteli nao wameanza kuulizia viwanja vya ufukweni kila mahali. Mimi si mpinzani wa bandari. Kijana wangu anatafuta kazi kama wengine. Nimeona tu jinsi mambo yanavyokwenda: tathmini ya mazingira inaandikwa, inahesabiwa miembe, mikorosho na minazi kwa ajili ya fidia, na kaburi likiwa halina maandishi linahesabiwa kuwa kichaka. Mtwara mjini wenyewe ulichorwa mwaka 1947 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, bandari ikajengwa, reli ya Nachingwea ikajengwa na kung'olewa, na ukiuliza leo nani alikuwa akiishi pale kabla ya karanga, utapewa historia ya karanga.

Kuna wanaoniambia kwamba habari ya Marie ni historia ya Wajerumani, wao ndio waiandike. Wameshaiandika, kwa namna wanavyoijua. Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanyika wakati wa Majimaji. Lilikuwa jambo la heshima, na Songea waliliandaa kwa sababu wao wana makumbusho, wana majina ya mashujaa wao, wana tarehe wanayoiadhimisha kila mwaka. Mgeni akija, kuna mahali pa kusimama. Akija kesho mgeni wa aina ile Lindi akataka kuona, tutampeleka wapi? Ninyi mnaokaa meza moja na Wajerumani kuzungumzia malikale na mabaki yaliyoko kwao, ongezeni mstari mmoja: nyaraka zao za kijeshi zinazohusu Sudi na wapagazi wa kusini zinakiliwe, nakala zije, na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili. Nyaraka za jeshi lao ziko Freiburg. Nyaraka nyingine za utawala wao ziko hapa hapa, Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa. Hatuhitaji pesa yao kwa hilo. Tunahitaji mtu mmoja anayesoma Kijerumani na mwandiko wa zamani, na apewe muda.

Wengine wananiambia Sudi hakuna watalii. Mimi naishi kwa watalii, nizungumze kidogo. Mikindani watu wanakuja kuona boma la Wajerumani la 1895 na nyumba wanayohusisha na Livingstone, aliyepita pale 1866 akielekea bara. Aliyepita! Alikaa siku chache akaondoka, na ana kibao. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye urithi wa dunia tangu 1981, meli za watalii zinafika. Katikati ya Kilwa na Mikindani mgeni anapita Lindi nzima akiwa amelala garini kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna nini. Hata hivyo, wasipokuja kabisa, ombi langu liko pale pale. Kibao kiandikwe kwa ajili ya wanaoishi hapo.

Kwa upande wa Halmashauri, madiwani wangu, ninachoomba ni kidogo zaidi. Tengeni fedha za walimu wawili na kinasa sauti kimoja, hata simu inatosha, wakati wa likizo ya shule. Wazunguke kwa wazee wa Sudi na vijiji vya jirani, wanaume na wanawake; msiwasahau bibi zetu, wao ndio waliobaki na watoto mwaka ule na wao ndio wanaozikumbuka nyimbo. Wanase kama inavyosemwa, hata kwa Kimwera au Kimakonde pale mzee anapoona raha zaidi. Nakala moja ibaki shule ya msingi, moja maktaba ya mkoa, moja iende Nyaraka za Taifa. Majina ya waliochukuliwa wasirudi yaandikwe kama familia zinavyoyataja. Kibao tutakitengeneza wenyewe. Mafundi wa mbao tunao, na mbao tunazo. Tunachotaka kwenu ni ruhusa ya kukisimamisha na maneno yaliyohakikiwa, tusije tukaandika uongo.

Mimi na vijana wanne wa kijiji tuko tayari kuwapokea wataalamu na kuwatembeza bila malipo. Tunashauri waje kabla ya Oktoba, maana korosho zikianza kuanguka hamtampata mtu nyumbani, wazee wenyewe wanakuwa mashambani wanaokota. Siku ya Ijumaa msije asubuhi. Waje na viatu vya tope kwa sababu pwani ya upakuaji inafikiwa maji yakiwa yamekupwa, na kwa kalenda ya bamvua tutawatumia tarehe zinazofaa mara tu tukipata jibu lenu la maandishi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mzaliwa wa Sudi, mwongoza wageni, Mikindani